Mwaka wa Mama Rukia Wawili

"Rukia, ati nshakufa?"

Hilo ndilo neno la kwanza aliloniambia mama yangu kwenye simu asubuhi ile, bila salamu wala hujambo. Alikuwa kwake Mkokotoni, amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi ya mchuzi wa mchana, na redio iko dirishani kama kila siku, maana watu wa umri wake hawaanzi kupika kabla ya kusikiliza matangazo ya vifo. Redio ikasema Mama Rukia wa Kiponda amefariki dunia na maziko ni baada ya sala ya adhuhuri. Kabla hajanyanyuka, jirani yake mmoja keshaingia uani analia kwa kwikwi, kanga ya kichwani imemwangukia mabegani, akamkuta marehemu na kifuu cha nazi mkononi. Mama anasema yule mwanamke alimtazama weee, halafu akakasirika, kama vile kuwa hai ni kosa alilomfanyia yeye. Siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini. Siku ile nilikuwa nimesimama tangu alfajiri, napanda ngazi nashuka ngazi, nashika hiki naacha kile, watu wananiambia nikae na mimi siwezi kukaa. Nikamwambia, "Si wewe, Mama. Ni Bi Time." Nikaisikia redio yake inaendelea na maiti wengine. Kisha akasema, "Basi nnakuja, nije nimzike mwenzangu," akakata simu.

Tangazo hilo alilipeleka mtoto wa kaka yake Bi Time, na wala hakukosea. Ukisimama Kiponda ukatangaza kuwa amekufa Time binti Vuai, watu watakuuliza Time gani, maana kwa miaka arobaini hakuna aliyemwita hivyo mtaani isipokuwa mimi. Kwetu mwanamke haolewi akachukua jina la mume. Aliyezaliwa binti Vuai atazikwa binti Vuai, hata aolewe na waume watano. Lakini hilo ni jina la cheti. Jina la kuitiwa dirishani, la kuombwa chumvi, la kualikiwa harusini, ni la mtoto wako wa kwanza, na ukishalipata hulivui tena. Hulivui, nasema, mpaka uachwe. Hapo ndipo mambo yanapochafuka, maana jina la mtoto hubaki pale alipobaki mtoto. Kwa hiyo siku nzima ile nilipokea pole za mama yangu aliye hai, kutoka kwa watu wa Mkokotoni waliosikia redio, na pole za Bi Time aliyekufa, kutoka kwa watu wa mjini, na zote zimekuja kwa jina moja. Nusu ya watu niliwajibu vibaya. Wengine hata sikuwajibu.

Mambo ya ukoo nayaacha, hayana faida hapa, wala sitasema kwa nini baba yangu na mama yangu waliachana, kwa sababu kila mmoja alikuwa na yake na zote mbili zilikuwa za kweli. Waliachana. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, nasoma darasa la sita, na huo mwaka mmoja ndio unaonikereketa tangu nilipoisikia ile redio. Mama alichukua sanduku lake na mto wake mmoja, akenda Mbweni kukaa kwa dada yake, Bi Fatma. Mimi nikaachwa Kiponda kwa baba, kwa maneno kwamba skuli iko mjini na mtoto wa kike habebwi huku na huku. Chumba changu kilikuwa ghorofa ya pili, kina dirisha refu la mbao linalotazamana na dirisha la Bi Zuwena, jirani wa ng'ambo ya kichochoro, karibu kiasi kwamba akikaanga kitunguu sisi tunapiga chafya. Miezi ile ya mwanzo tulikula mikate ya dukani na maharage ya Bi Zuwena, mimi na baba, kwenye meza ya ukumbini, yeye anasoma gazeti, mimi nahesabu matone ya chai kwenye kitambaa. Kila mtu aliyetuletea chakula aliuliza Mama Rukia hajambo huko aliko, na mimi nilikuwa nikijibu hajambo, kwa kiburi, kama mtu anayelinda mali.

Halafu baba akaoa, akaja Bi Time. Alitoka Makunduchi, mwembamba, sauti yake ya chini, kiswahili chake cha kwao kinamponyoka akishtuka, na kabla hajafungua sanduku mtaa mzima ulishajua kwamba aliwahi kuolewa miaka saba akaachwa kwa sababu hakuzaa. Alipika vizuri, hilo siwezi kumnyima. Shelisheli lake la kuchoma na mchuzi wa pweza baba alikuwa akiufuta kwa kidole. Mimi nilikula nikanyamaza. Siku ya tatu, kama sikosei, tuko jikoni sote wawili, Bi Zuwena akachungulia dirishani kwake akauliza, "Mama Rukia, una ndimu hapo?" Bi Time akageuka nyuma kutazama nani kaingia. Hakukuwa na mtu. Akanitazama mimi, akatazama dirishani, ndipo alipofahamu kuwa ni yeye, akatabasamu. Hakuwa na nia mbaya, sasa nnajua, lakini lile tabasamu nilimchukia nalo mwaka mzima. Bi Zuwena naye hakuwa na nia mbaya. Nyumba ile ina Baba Rukia, ina Rukia, basi mwanamke aliyemo ni Mama Rukia, atamwita nani tena? Nilitoka jikoni, nikakaa ngazini, nikauma kucha mpaka zikatoka damu.

Toka siku ile sikuwa na raha wala sikumpa mtu raha. Muuza maziwa akigonga akaita Mama Rukia, mimi namwambia Mama Rukia yuko Mbweni, huyu ni Bi Time. Mwalimu wa chuo cha Kurani akisema msalimie mama, mimi namuuliza mama gani. Kwenye duka la vitambaa la baba, Mlandege, niliwahi kumkatiza mteja wake mkubwa katikati ya sentensi, na baba akanifinya sikio mbele ya watu. Skuli nilimwendea mwalimu wangu, Mwalimu Tekla, Mkristo, ambaye wazee wake walitoka bara, nikamwomba aandike jina la mama yangu kwenye daftari lake, ili asije akamkubali mtu mwingine. Hakunicheka. Aliniambia kwamba yeye alipoolewa alichukua jina la mume, mume akenda zake, jina likabaki, na kila mwisho wa mwezi husaini mshahara kwa jina la mtu asiyejua aliko. Wanawe wanalo jina hilo, akasema, ndiyo maana halitupi. Kisha akaandika Mwanaidi Juma, kwa wino, akaniuliza kama sasa nimeridhika. Sikuridhika. Mtu haandikwi kwenye daftari akawa ameitwa.

Nilichokuwa nikikitaka kilikuwa kimoja tu, na watu wazima wote walijifanya hawakioni: mama yangu abaki kuwa Mama Rukia, asiwepo mwingine. Niliona akipoteza hilo amenipoteza na mimi. Kila Ijumaa baba alinipa ruhusa kwenda Mbweni, na mama alikuwa akinisubiri na ndizi mbichi za nazi, kwa sababu ndicho chakula nilichokuwa nikikipenda, na tulikula sinia moja, yeye, mimi na Bi Fatma, chini kwenye mkeka wa ukumbi uliokuwa na kijua cha mchana. Watu wa Mbweni hawakunijua, kwa hiyo walimwita mama Bi Mwanaidi, au mdogo wake Fatma, au mmoja mmoja, akidhani sisikii, yule mtalaka. Mimi nilisikia kila kitu mwaka ule. Ijumaa moja nilikwenda kunawa mikono uani nikamsikia Bi Fatma anamwambia mama kwamba watu wa Mkokotoni wamerudi tena na posa, Bwana Haji yule mchuuzi wa samaki, mtu mzima, mke wake alifariki, watoto wake wameshaoa, hana tabu. Bi Fatma akaendelea, kwa ile sauti ya mtu anayekupa ukweli kwa ajili yako: "Lakini ujue, ukizaa huko utaitwa kwa mtoto wa huko. La Rukia litabaki mjini na mwenye nyumba." Nilisimama pale na sabuni mkononi, maji yanamwagika. Niliporudi mkekani ndizi zilikuwa bado zipo, nikasema nimeshiba.

Mwezi uliofuata Bi Zuwena akawa anaoza binti yake, na siku mbili kabla ya harusi wanawake wa mtaa wakaalikwa kuchambua mchele. Aliyekulia hapa anaijua shughuli hiyo: ukumbi wa chini umetandikwa mikeka, magunia ya mchele yamefunguliwa, kila mwanamke na ungo wake mapajani anatoa chuya na vijiwe, kahawa inapita, kaimati zinapita, na maneno yanapita zaidi kuliko vyote. Bi Zuwena, kwa wema wake, alimwalika mama yangu kutoka Mbweni, kwa kuwa walikaa dirisha kwa dirisha miaka kumi na tatu. Na kwa wema wake huo huo alimwalika Bi Time. Mama alikaa karibu na mlango, Bi Time karibu na nguzo ya ndani, na baina yao palikuwa na wanawake kumi hivi walioamua kuzungumza habari za bei ya samli. Mimi nilikaa nyuma ya mama, mgongo wangu kwenye mgongo wake. Nilikuwa na furaha, maana kila mtu pale alikuwa anamjua mama kwa jina langu tangu mimi sijaanza kutambaa, nikajiambia leo ndiyo leo.

Bi Zuwena alikuwa juu anapanga masufuria. Akaita kutoka ngazini, bila kufikiri, kama alivyokuwa akiita siku zote, Mama Rukia alete ungo uliokwisha. Na sauti mbili zikaitikia naam. Mikono yote ukumbini ikasimama. Bi Zuwena mwenyewe huko juu nadhani alitamani ardhi impasukie. Bi Time akainamisha uso akawa anautafuta mchele kama kwamba kuna kijiwe kimempotea, masikio yamemwiva. Mimi nikasimama. Sijui nani alinituma. Nikasema kwa sauti ya kusomea mashairi skuli kwamba Mama Rukia ni huyu hapa, na yule pale ni Bi Time, mke wa baba tu, hana mtoto. Hiyo ya mwisho nilitia mwenyewe, kwa makusudi, na nilipoitoa niliona Bi Time anakunja mabega yake, na nikafurahi. Nasema kama lilivyokuwa. Mtoto wa miaka kumi na miwili anajua pa kupiga.

Mama alinyanyuka. Nilidhani anakuja kunishika mkono. Akaubeba ungo wake uliochambuliwa, akawaruka wanawake wale mguu kwa mguu mpaka kwenye nguzo, akauweka ungo kwenye mapaja ya Bi Time.

"Unaitwa, Mama Rukia," akamwambia. "Mpelekee."

Bi Time alimtazama. Alinyanyuka akapanda ngazi, mchele unadondoka kidogo kidogo nyuma yake, na hakuna aliyeuokota. Mama akarudi mahali pake, akavuta ungo mwingine, akaanza kuchambua. Mwanamke mmoja akasema kuzaa si kazi, kazi kulea, wengine wakaguna kukubali, na polepole ile bei ya samli ikarudi. Mimi nilihisi nimegaiwa. Nimegaiwa mbele ya watu, kama sahani ya chakula inayopelekwa kwa jirani, na aliyenigawa ni mwenyewe niliyekuwa nikimpigania. Nilitoka mbio bila viatu.

Alinikuta kichochoroni alipokuwa anarudi zake Darajani kupanda gari. Sikumpa nafasi ya kunisalimia. Nikamuuliza kwa nini amempa. Yeye akaniuliza mimi nnalala wapi. Nikamwambia Kiponda. Akaniuliza nani ananisuka nywele, na nywele zangu zilikuwa zimesukwa asubuhi ile na Bi Time, kwa sababu ya shughuli.

"Sikiliza," akasema. "Mimi naposwa, na nikiolewa baba yako hatakutoa, na sheria iko upande wake. Yule akibaki mke wa baba yako tu, wewe kwake utakuwa mtoto wa mtalaka, ukila ukishiba basi. Lakini mwanamke aliyeitwa Mama Rukia mbele ya kina Zuwena, na mimi nimekaa pale pale, hawezi kukulaza na njaa wala kukutoa na nguo chafu. Mtaa utamuuliza. Usidhani nimempa zawadi, Rukia. Nimemtwika."

Nikamuuliza yeye sasa ataitwa nani. Akajibu ataitwa Mwanaidi, si ndilo jina alilopewa na wazee wake? Alilisema kama mtu anayejaribu kiatu cha zamani, na mimi badala ya kumhurumia nilimwambia sitakuja tena Mbweni. Akasema haya. Nikasema hata Ijumaa hii siji. Akasema haya tena, akaniwekea mkono kichwani juu ya zile nywele, akenda zake. Na mimi, kwa kichwa changu kigumu, sikwenda. Si Ijumaa ile wala zilizofuata.

Alivyosema ndivyo ilivyokuwa, na hilo lilizidi kunitia wazimu. Bi Time wa kabla ya ule mchele alikuwa ananipa chakula na kunifulia, basi. Bi Time wa baada yake alikuwa hapati usingizi. Nikikohoa yumo chumbani kwangu na bakuli la maji ya tangawizi. Alinichambua kichwa kutafuta chawa kila Jumamosi mlangoni, jua likiwa limefika kwenye kizingiti, kwa ukali wa mtu anayejua atakaguliwa. Alivaa buibui lake akenda skuli kumuuliza Mwalimu Tekla kuhusu hesabu zangu, naye mwenyewe hajui kusoma. Bi Zuwena akiita dirishani, "Mama Rukia, mwanao kapita na kandambili iliyokatika," basi kufika laasiri mimi nina kandambili mpya. Na kila alipokwenda, dukani, skuli, kwa daktari, akiulizwa yeye nani, alijibu kabla swali halijaisha kwamba yeye ni Mama Rukia. Niliikataa kila huduma niliyoweza kuikataa. Mimi nilimwita Bi Time, tena kwa sauti ya juu, na hakuwahi kunikosoa. Mama akaolewa, harusi ndogo ya watu wazima, sikwenda. Bi Fatma alileta halua kwenye karatasi na mimi nikawapa paka.

Baada ya harusi hiyo baba akasema neno alilokuwa amelihifadhi. Mwanamke yule sasa ni mke wa mtu, na binti yake hatakwenda kulala nyumba ya mwanamume asiyemjua. Hakuna Mkokotoni. Mimi niliyekataa kwenda Mbweni kwa mapenzi yangu, sasa nikakatazwa, na siku ile ile nikaanza kumtaka mama kama mtu anayetaka maji. Sikuwa nakaa chini. Nilikuwa napanda mpaka juu ya dari nashuka mpaka barabarani, nashika kitabu nakitupa, chakula kinapoa. Miezi minne niliishi hivyo. Sikumwambia mtu, na hasa sikumwambia Bi Time.

Siku ya tatu ya msiba huu wa Bi Time, wageni walipopungua, mimi na mama tulikuwa jikoni Kiponda tunaosha vikombe. Nilikuwa nimeviosha mara mbili tayari, mama akanipokonya kitambaa. Ana miaka sabini na kitu sasa, na mikono yake imekuwa midogo. Nikamuuliza, kwa mara ya kwanza katika umri wangu, kama aliwahi kujuta siku ile ya mchele. Akafuta kikombe kimoja mpaka kikakauka kabisa.

"Nlijuta kila Ijumaa," akasema. "Nlikuwa nikipika ndizi nakaa nazo mlangoni mpaka laasiri, Fatma ananambia Mwanaidi ingia ndani, watu wanakuona. Unadhani ilikuwa rahisi kwangu? Nlimtamani yule mwanamke afe. Leo amekufa, na mimi ndiye niliyelia kuliko ndugu zake."

Nilikaa, hatimaye, kwenye kigoda cha Bi Time, na mama akaendelea na vikombe.

Lakini nirudi mwaka ule, maana haujaisha. Ilikuwa likizo ya mwisho wa mwaka, baada ya chakula cha mchana, saa ambayo mtaa wote umelala. Mimi nilikuwa ngazini, mahali pangu, na mlango wa chumba cha baba haukufungwa vizuri. Nikamsikia Bi Time anamwambia baba kwamba kesho anakwenda Mkokotoni na mimi, asubuhi, tutarudi jioni. Baba akacheka kidogo, akamwambia alishalisema hilo na hasemi mara mbili. Bi Time akasema mtoto hali. Baba akasema atakula akiona njaa. Kisha akapandisha sauti, akamuuliza kama amesahau alivyotoka kwa mume wa kwanza, na kama anataka kurudishwa Makunduchi mara ya pili. Nilijua, kama alivyojua kila mtu wa Kiponda, kwamba mwanamke yule hakuwa na kitu kingine duniani: si mtoto, si shamba, ila nyumba ile na lile jina. Ningekuwa mimi ningenyamaza.

"Kila asubuhi wewe mwenyewe unaniita Mama Rukia," akasema Bi Time, kwa ile ile sauti yake ya chini. "Ukitaka nikae kimya, niite Time, na mimi ntakaa kimya. Ukiniita Mama Rukia, ntafanya ya mama. Na mtoto ana mama yake, na kesho nampeleka."

Nilisubiri kofi, nilisubiri neno la talaka. Hakikuja chochote. Kitanda kililia, baba akageukia ukutani mpaka adhana ya laasiri. Asubuhi yake baba alikunywa chai, akavaa kofia, akaenda Mlandege, na siku hiyo hakumwita mkewe jina lolote.

Tulipanda gari Darajani. Bi Time alikuwa amebeba kikapu cha mikate ya kumimina aliyoipika alfajiri, amekipakata kwa mikono miwili, na midomo yake inakwenda katika dua. Alikuwa anaogopa, na mimi nilikuwa naogopa. Nilikuwa nimemwacha mama kichochoroni na maneno yangu mabaya, nimekula yamini sitakwenda kumwona, sikuhudhuria harusi yake, na huko aliko amekuwa Mwanaidi wa Bwana Haji, labda tayari ana mimba, labda anasubiri jina jingine. Tulishuka sokoni Mkokotoni, tukauliza nyumba, tukaelekezwa nyumba ya mwisho upande wa pwani, yenye baraza jekundu. Nilitaka kurudi. Nilimwambia Bi Time tumbo linaniuma, akanishika mkono akaukaza, akapiga hodi.

Aliyekuwa uani alikuwa bibi mmoja mzee, mama yake Bwana Haji, anaanika dagaa juu ya mkeka. Tukampa shikamoo, akapokea marahaba, akajifuta mikono, akatukaribisha, akauliza sisi kina nani. Nilijua jibu. Nilikuwa nimelisikia mwaka mzima mbele ya kila kaunta ya mji, nikakaza meno nikalisubiri.

"Mimi naitwa Time," akasema Bi Time. "Nimemleta Rukia kwa mama yake."

Bibi yule akanitazama, kichwa mpaka miguu, miguu mpaka kichwa, akauliza ndiye huyu Rukia mwenyewe, huyu mrefu hivi? Kisha akageuza shingo upande wa jikoni, kulikokuwa kunatoka moshi, akaita kwa sauti ya watu waliozoea kuitana kwenye upepo:

"Mama Rukia! Toka nje, mwanao kaja."

Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba siku alipoingia nyumba ile wifi zake walimuuliza wamwite vipi, bibi harusi, au mke wa Haji, naye akawajibu kwamba ana mtoto mjini, aitwe kwa mtoto wake. Siku ile sikulijua hilo. Nilisikia tu jina langu likiitwa huko nisikowahi kufika, na sufuria likianguka jikoni, na miguu ya mtu inakuja mbio. Bi Time akauachia mkono wangu. Akarudi nyuma hatua mbili, akasimama ubavuni mwa mlango na kikapu chake, ili atakayetoka anione mimi kwanza.